Nyama Niliyoila Kisha Nikaikana

Mbinga,
Jumapili mchana, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama, na Baba mfikishie shikamoo yake. Goti lako linasemaje siku hizi? Mdogo wangu Yona aliniambia umeanza tena kwenda kisimani mwenyewe wakati yeye yupo nyumbani mzima, na nikamsema. Vipi mtama, mmeshapura wote? Na yule mbuzi mweusi aliyekuwa anachechemea, alipona au mlimchinja? Mimi mwili hauna tabu. Baridi ya huku imeanza kupungua, ingawa asubuhi bado ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne na mashuka hayakauki.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Mama, simu yako anaishika Yona, na kila nikipiga anaiweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, mpaka jirani anayepita anasalimia. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema kwa sauti kubwa. Hata kwa sauti ndogo nilijaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza bei ya karanga. Kwa hiyo soma mwenyewe, polepole, na Baba utamwambia ukiona inafaa.

Unamkumbuka Mzee Osmund Kinunda niliyekusimulia, yule wa kijiji cha upande wa Mpepai? Nilipofika huku mara ya kwanza sikuwa na nyumba wala godoro, yeye na mkewe, Mama Edeltruda, ndio walionipa chumba cha binti yao aliyeolewa. Nilikaa kwao miezi mitatu. Mama Edeltruda alinifundisha kuvaa sweta mbili na kulala na soksi. Mzee alikuwa akicheka kwamba serikali imetoa mtu Mpwapwa, kwenye ukame, imlete huku kwenye mito aje kuwafundisha wenye maji namna ya kufuga samaki. Lakini alinisikiliza. Yeye na mkewe walichimba bwawa kwa majembe bondeni, chini ya shamba lao la kahawa, hatua kumi na tano kwa kumi, wakaingiza maji kwa bomba la mwanzi kutoka kwenye kijito. Tukapandikiza vifaranga vya perege. Kila asubuhi Mzee alishuka na pumba kwenye ndoo, akimwaga kidogo kidogo pembeni, akiongea na samaki wake kama mtu anayelisha kuku.

Samaki wale walikuwa na kazi maalumu. Mjukuu wao Redempta alikuwa anapata kipaimara mwezi wa saba, na Mzee alishatangaza kwa ndugu wote kwamba safari hii wageni watakula samaki wa bwawani kwake. Ilikuwa fahari yake. Watu wa huku wanajua samaki wa ziwani, wanaopanda na wachuuzi kutoka pwani ya Nyasa wakiwa wameshakauka. Samaki mbichi kutoka nyuma ya nyumba yako ni jambo jingine.

Mwezi wa tano nilikwenda kukagua, nikaona maji ni meupe, hayana ukijani wa kutosha. Nikamwambia aongeze mbolea ya kuku. Aliniuliza, "Mwanangu, na hili wingu? Jua hatulioni wiki nzima." Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kipimo ndicho hicho, nimesoma. Mama, kipimo nilichosoma kilikuwa cha mahali penye jua kama kwetu. Huku wakati wa baridi maji yanalala, mbolea inaoza chini, na samaki wanakosa hewa. Hilo nalo nililisoma. Sikulikumbuka, au sikutaka kukumbuka mbele ya mtu aliyeniuliza vizuri kuliko nilivyojua kujibu.

Viroba viwili viliingia majini. Wiki ya pili yake nikaitwa asubuhi. Samaki walikuwa wanatweta juu ya maji, midomo wazi, mamia kwa mamia, na wengine walishageuka tumbo juu. Mzee alikuwa amesimama ndani ya bwawa, maji yakimfika kiunoni, anayapiga kwa ndoo ili yapate hewa. Alikuwa akitetemeka kwa baridi. Mpaka jua la adhuhuri wote walikuwa wamekufa. Majirani walikuja kutazama, na mmoja akauliza kimetokea nini. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema kitu Mzee akasema, "Maji ya kijito yamechoka. Labda mtu amefua huko juu." Nami nikaufunga mdomo wangu. Niliandika hivyohivyo kwenye taarifa, kwamba chanzo ni maji ya kijito.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, Mama, ndiyo maana nimeanza na samaki.

Kipaimara kilikuwa kimebaki wiki chache na ndugu walishaalikwa. Mzee hakuwa na mbuzi wa kuchinja. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa ujana wake, wa kutega waya. Alitega pembezoni mwa shamba la maharage, mahali wanyama wanaposhuka kutoka msituni kula majani machanga, akapata pongo. Humjui pongo. Ni mnyama wa porini, mkubwa kidogo kuliko mbuzi, rangi ya hudhurungi na madoa meupe ubavuni. Kumuua bila kibali ni kosa, na mimi nalijua hilo vizuri, maana mikutano ya kijiji inayozungumzia mambo hayo mara nyingi nakaa meza ya mbele.

Siku ya sherehe nilikaribishwa kama mtoto wa nyumbani. Redempta alikuwa na gauni jeupe na viatu vilivyomzidi. Ugali ulikuja, na bakuli la nyama yenye mchuzi mzito. Nilipoionja tu nilijua si mbuzi. Nilimtazama Mama Edeltruda, akanitazama, akasema, "Kula, mwanangu. Mbuzi wa mlimani huyo." Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilikula, nikaongezewa, nikala tena. Ilikuwa tamu, Mama. Sitakudanganya nikuambie ilinikwama kooni. Ilishuka vizuri sana.

Siku ya nne baada ya sherehe nilikuwa kwao tangu asubuhi. Tulikuwa tumekausha bwawa, tumetoa tope, na tulikuwa tunamwaga chokaa ili tuanze upya. Kabla hatujashuka bondeni Mama Edeltruda alinipa kifurushi cha nyama iliyokaushwa juu ya moto, amekifunga kwenye jani la mgomba. Akasema nikapikie kwangu, kwa sababu naonekana nimekonda. Nikakitia kwenye mkoba wangu, chini ya daftari za ofisi.

Tulipopanda kurudi nyumbani tulikuta askari wawili wa wanyamapori pamoja na mtendaji wa kijiji. Nani aliwaambia, mpaka leo sijui, na sitaki kujua. Ngozi ilikuwa imewambwa nyuma ya jiko. Nyama iliyobaki ilikuwa kwenye kichanja juu ya mafiga. Hapakuwa na la kuficha. Walimwambia Mzee akae chini, akakaa kwenye udongo, mikono yake bado nyeupe kwa chokaa.

Yule askari mkubwa alikuwa mtu wa adabu tu. Alinigeukia akaniuliza, "Afisa, wewe unaingia nyumba hii mara kwa mara. Umewahi kuona au kula nyama hii?"

Nilisema, "Hapana. Mimi nashughulika na samaki tu."

Ningeishia hapo ingekuwa uongo wa hofu, labda ningeweza kuubeba. Lakini hakuna aliyeniuliza zaidi, na bado nikaongeza. Nikasema, "Na nimeshamwonya zaidi ya mara moja aachane na mambo ya mitego." Sikuwahi kumwonya hata siku moja. Nilisema hivyo nikiwa nimekumbatia mkoba kifuani, na harufu ya nyama ile naisikia mwenyewe.

Mzee Osmund aliinua uso. Nilidhani atasema. Alisema, "Ni kweli. Mtoto huyu hajui lolote. Mtego ni wangu, ngozi ni yangu." Kisha akaomba ruhusa anawe mikono.

Mama Edeltruda alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. Alikuwa anautazama mkoba wangu.

Walimchukua. Mimi nilikwenda kwangu kwa miguu, nikaingia ndani nikafunga mlango, na kile kifurushi nikakitupa chooni. Nyama, Mama. Mimi niliyekuona mwaka ule wa njaa ukigawa kipande kimoja kwa watu sita, nilitupa nyama chooni, tena nyama niliyopewa na mtu ambaye mumewe alikuwa ndani ya gari la askari saa hiyohiyo.

Kesho yake ilitokea nafasi ya mtu kwenda ziwani, upande wa Mbamba Bay, kuangalia vikundi viwili vilivyotaka kuanza mabwawa. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Niliiomba mimi, nikaivuta mpaka ikawa siku tisa. Nilishuka ile barabara ya kona nyingi nikifurahi kila kona iliyonitenga na Mbinga. Huko ni joto, watu wanachekacheka, dagaa wameanikwa mchangani kama nafaka. Mama mmoja mkaanga samaki aliniuliza, "Dada, sisi na ziwa lote hili, bwawa la nini?" Nilikuwa na jibu lake, ninalo siku zote, kwamba samaki wa ziwani wanapungua na upepo ukivuma wiki nzima mitumbwi haiingii. Nilianza kulitoa nikashindwa kulimaliza. Niliona sina haki ya kumfundisha mtu namna ya kupata kitoweo.

Siku ya tatu Mama Edeltruda alinipigia simu. Aliniita mwanangu. Akasema, "Baba yako bado yuko ndani kule mjini. Wanasema angepatikana mtu wa serikali anayemfahamu, aeleze ni mtu wa namna gani, ingesaidia. Nikawaambia tunaye."

Nilimjibu, "Mama, niko ziwani kikazi. Mtandao huku unasumbua." Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikuwa namsikia mpaka anavyovuta pumzi. Akasema tu, "Haya," akakata yeye.

Sina maelezo mazuri ya kukupa. Ajira yangu bado ni ya majaribio, hilo ni kweli. Nilijiambia nikifukuzwa wewe na Baba mtaumia, nikawafanya ninyi kuwa sababu. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu ya jana, na ili nisiionyeshe nikafanya aibu ya leo, halafu ya kesho yake, kila moja kubwa kuliko ile iliyotangulia.

Mzee alitoka siku ya nane. Hawakumfungulia shitaka; alipewa onyo kali na waya zake zikachukuliwa. Waliokwenda kumsemea ni katekista na mwenyekiti wa kitongoji, wote wawili walikuwa kwenye sherehe, na wote wawili walisema mbele ya askari kwamba walikula. Walitoa majina yao yaandikwe. Hakuna aliyewafanya kitu. Nilipoambiwa hilo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikashindwa kuvua viatu.

Niliporudi Mbinga nilimaliza siku mbili nikipita njia ya mbali ili nisipite kwao. Siku ya tatu nikaenda. Mama Edeltruda alinipokea vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza. Siku zote kwao mimi hukaa jikoni, kwenye kigoda, tunachambua maharage pamoja. Safari hii alinitolea kiti cha sebuleni, akakipangusa kwa kanga, akaniletea chai kwenye sinia, na akaniita Afisa. "Karibu, Afisa. Kunywa chai, Afisa."

Mzee alikuwa amepungua. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola ya shati. Tulishuka wote bondeni kutazama bwawa. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Ile chokaa tuliyomwaga, tusubiri siku ngapi ndipo tuingize maji?"

Nikamwambia, "Baba, wale samaki niliwaua mimi. Mbolea niliyokuambia ilikuwa nyingi mno kwa baridi ile."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, na ukasingizia kijito?"

"Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi niliyekuwa majini. Na ukifukuzwa wewe, tungeletewa nani?" Akacheka kidogo, akakohoa. "Angeletwa mwingine, naye angeanza upya kuua samaki wangu ndipo ajifunze."

Nikamwambia na la pili, la nyama, na la tatu, la simu. Nilipiga magoti pale kwenye udongo, Mama, kama ulivyonifundisha. Akaniinua kwa kiwiko. Akasema yamepita, na kwamba hata yeye hapendi kurudi kwenye waya, mikono tu ilikumbuka. Sikuona kinyongo usoni mwake. Nilipaswa kufarijika, lakini nilijiona mdogo zaidi.

Tuliporudi juu nilimfuata Mama Edeltruda uani, nikaanza kumwomba msamaha. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Yeye amekusamehe kwa sababu ndivyo alivyo, hata nyoka akimuuma atasema alimkanyaga. Mimi bado. Siku nane nilikuwa napeleka uji mjini, natembea mpaka barabarani na chupa ya chai kichwani. Nilikupigia simu. Ukaniambia mtandao unasumbua, na mimi nasikia watoto wanachezea maji nyuma yako." Alichukua ungo wake. "Siyo kwamba nakuchukia. Ila nikikutazama naona ule mkoba."

Nikaaga.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kikundi cha wafugaji samaki, watu kama ishirini, na mtendaji alikuwepo. Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini sikuweza kuisoma, kwa hiyo nikasema hivihivi. Nilisema samaki wa Mzee Osmund walikufa kwa ushauri wangu, kijito hakina kosa. Nilisema nilikula nyama ya pongo siku ya kipaimara, niliongezewa nikala tena, na siku askari walipokuja nilisema uongo mara mbili. Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Afisa, sisi sote tulikula. Ulidhani ulikuwa peke yako kwenye bakuli?" Wengine wakacheka, ila si wote. Mama mmoja hakucheka kabisa. Aliuliza, "Sasa na sisi uliotupa kipimo hichohicho cha mbolea, tufanyeje?" Hilo ndilo swali nililostahili. Tulitoka pale tukaenda bwawa kwa bwawa, nikaingia majini mwenyewe kutoa viroba. Mabwawa mawili maji yake yalikuwa yameshaanza kuchafuka. Samaki wa mabwawa hayo wapo, wazima.

Taarifa nimeiandika upya na kuipeleka kwa mkuu wangu, na la nyama nimeliandika. Aliisoma akavua miwani, akasema nisubiri. Basi nasubiri. Inawezekana nikaendelea, inawezekana nikarudi nyumbani na sanduku. Nikirudi, nimeona ni vizuri ukajua kwanza kwa mkono wangu.

Juzi tumepandikiza vifaranga vipya kwa Mzee. Mama Edeltruda alikuja mpaka ukingoni, akasimama mbali kidogo, akauliza watakuwa tayari lini. Nikamwambia mwezi wa nne, Mungu akipenda. Akasema, "Tutaona, Afisa," akapanda zake kwenye kahawa. Nitaendelea kwenda. Sitamwomba tena msamaha kwa mdomo, kwa maana nimeona nikiomba ninamlazimisha yeye anifariji mimi.

Mama, Yona aliniambia mliposimama kutoa shukrani kanisani ulinitaja, kwamba mwanao ni afisa na anasaidia watu. Nakuomba kitu kimoja. Wakikuuliza Salome anaendeleaje, waambie yuko kazini, anajifunza. Usiongeze sifa yoyote. Na ukiweza kunijibu, niandikie ukweli ulioupata moyoni uliposoma haya, hata kama ni mkali. Maneno laini nimeshapewa na mtu niliyemkosea, na sijui niyaweke wapi.

Nisalimie Baba. Msalimie shangazi anayefuma mikeka, mwambie ule mkeka wake ndio ninaolalia mpaka leo. Bibi mzaa baba mshikie mkono kwa niaba yangu, umwambie mjukuu wake anakula na anashiba. Mjomba fundi baiskeli naye salamu, na mke wa Yona, nasikia anakaribia kujifungua, Mungu amtie nguvu. Yona mwenyewe mwambie nampenda, ila barua hii haimhusu.

Ni mimi mwanao, niliyeona haya kukuandikia, na kuona haya zaidi kunyamaza,

Salome